Mteja ana siku 131 Nairobi na siku 176 London: ni mkaazi wa kodi wa wapi?

KaraniWaLeja

Habari zenu wadau. Kuna faili hapa mezani inanikosesha usingizi na siku za pingamizi zinayoyoma.

Mteja ni Mkenya, ameajiriwa na kampuni ya London. Mwaka 2024 alikaa Kenya siku 131, Uingereza siku 176, na siku 59 alikuwa kwingine likizo. Mwaka 2023 alikuwa Kenya siku 120, na 2022 siku 118. Mke na watoto wawili wako Syokimau, kwenye nyumba yenye jina la mke. London amepanga fleti ndogo kwa jina lake. Ana pia fleti Ruaka aliyoipangisha kwa Sh45,000 kwa mwezi, ambayo tumekuwa tukiilipia kodi ya pango ya asilimia 7.5.

Mshahara ni pauni 60,000 kwa mwaka, tuseme Sh9.9 milioni, na PAYE (kodi inayokatwa moja kwa moja kwenye mshahara) yote imekatwa Uingereza. Hapa Kenya alijaza ritani ya sufuri. Sasa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wameshusha makadirio kwenye mtandao wao wa iTax juu ya mshahara wote. Yeye anashikilia mambo mawili: hajafikisha siku 183, na ana cheti cha ukaazi kutoka HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza. Anataka pingamizi liandikwe kwa hoja hizo mbili tu. Zitasimama?

---

Vifungu_na_Vijisehemu

Hazitasimama, mkuu. Hata hiyo ya siku 183 haifiki mbali.

Sheria ya Kodi ya Mapato, sura ya 470, kifungu cha 2, ina milango mitatu ya kuingilia ukaazi, na mteja akipita mmoja tu amekwisha ingia. Wa kwanza: una makao ya kudumu Kenya na ulikuwa nchini kwa muda wowote mwaka huo. Muda wowote maana yake hata wikendi moja ya Krismasi. Wa pili ndio huo wa siku 183, ambao ni wa mtu asiye na makao ya kudumu hapa. Wa tatu, pia kwa asiye na makao: alikuwa nchini mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka.

Sasa chukua kalamu. 131 + 120 + 118 = 369. Gawa kwa tatu, unapata 123. Kwa hivyo hata ukimwondolea ile nyumba ya Syokimau kabisa, mlango wa tatu umeshamnasa kwa jumla ya siku tatu tu. Jumla ingekuwa 366 wastani ungekuwa 122 kamili, na sheria inasema zaidi ya 122.

Najua utakachofikiria: siku tatu zinaweza kupatikana. Ndiyo, ikiwa jedwali lako limehesabu siku ya kutua na siku ya kuondoka zote mbili, na yeye husafiri mara nane kwa mwaka, kuna siku nyingi za kubishania hapo. Ila usipoteze wino. Nyumba ya Syokimau inamfunga kwa mlango wa kwanza, na hapo siku hazihesabiwi.

Kuhusu jina la mke kwenye hati: haisaidii. Swali si nani mwenye nyumba, swali ni kama nyumba iko wazi kwake wakati wowote anapotaka kulala. Kama ufunguo anao, nguo ziko kabatini na watoto wanamwita baba hapo sebuleni, hayo ni makao. Nyumba ya kupanga, ya mke, hata chumba kimoja kwa wazazi kinachotengwa kwa ajili yake, vyote vinaweza kuingia. Fleti ya Ruaka ndiyo isiyoingia, kwa sababu ina mpangaji mwenye mkataba na mteja hawezi kubisha hodi akalale.

Na hiyo Ruaka ina mtego wake. Kodi ya pango ya asilimia 7.5 ni ya mkaazi mwenye pango kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Asiye mkaazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 30 ya pango lote bila kutoa gharama. Kwa Sh540,000 kwa mwaka, mnalipa Sh40,500. Angekuwa si mkaazi ingekuwa Sh162,000. Kila mwezi mlipojaza ile fomu mlikuwa mnaiambia KRA kwamba yeye ni mkaazi. Afisa atakayesoma pingamizi lenu ataanzia hapo.

---

WakiliUpperHill

Nakubaliana na mkuu hapo juu, lakini kesi haiishii kwa sheria ya Kenya. Huyu ni mkaazi Kenya kwa sheria ya Kenya, na pia ni mkaazi Uingereza kwa sheria ya Uingereza. Ndipo mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili unapoingia, na Kenya na Uingereza tunao, uliotiwa saini 1973.

Kwa upande wa Uingereza, tangu tarehe 6 Aprili 2013 wana kipimo cha kisheria cha ukaazi. Siku huhesabiwa kwa kuwa nchini saa sita ya usiku, na mwaka wao unaanza 6 Aprili, kwa hivyo zile siku 176 za Januari hadi Desemba lazima zihesabiwe upya kwa mwaka wao. Mtu aliyekuwa mkaazi huko ndani ya miaka mitatu iliyopita, akizidisha siku 120, anahitaji kiungo kimoja tu na Uingereza kumweka ndani: familia, malazi, kazi, zaidi ya siku 90 huko katika mwaka mmoja wa miaka miwili iliyopita, au kuwa huko usiku mwingi kuliko nchi nyingine yoyote. Huyu ana fleti na kazi. Wako sahihi kumpa cheti.

Cheti hicho basi kinathibitisha nini? Kwamba Uingereza inamwona mkaazi wake. Hakisemi Kenya isimwone mkaazi wake. Watu wengi huja na karatasi ya HMRC wakiiweka mezani kama turufu. Mwenzako naye ana turufu yake mkononi. Cheti hakivunji sare hiyo ya nchi mbili kumdai mtu mmoja. Kinachovunja sare ni vipimo vya mkataba, na vinapitiwa kwa mpangilio, hauruki:

Makao ya kudumu yako wapi? Anayo kote kote, Syokimau na London. Sare.

Uhusiano wa kibinafsi na wa kiuchumi uko karibu zaidi na nchi gani? Hapa ndipo vita vyote vilipo. Upande wa uchumi: kazi na mshahara London, pango Ruaka. Upande wa maisha: mke, watoto, shule yao, kanisa au msikiti, chama, daktari wa familia, gari. Maelezo ya OECD, shirika la kimataifa la uchumi, juu ya mkataba wao wa mfano yanasema wazi kwamba mtu akifungua makao ya pili ugenini huku akibakiza ya kwanza pale alipoishi siku zote, penye familia na mali yake, hiyo ni dalili kubwa kwamba moyo wa maisha yake haujahama. Kwa ukweli ulioutoa, mimi naona Kenya inashinda hapa.

Ni pale tu kipimo hicho kinaposhindwa kutoa jibu ndipo unauliza anakaa wapi kwa kawaida, ambapo siku 176 dhidi ya 131 zingembeba hadi London. Na baada ya hapo uraia, kisha makubaliano ya mamlaka za nchi mbili. Wateja hupenda kurukia kipimo cha siku kwa sababu kina namba. Huruhusiwi kukifikia kabla hujamaliza hicho kilichotangulia.

---

KaraniWaLeja

Asanteni sana wakuu. Basi tukubali ni mkaazi wa Kenya, alipe tu? Mshahara huo umeshakatwa Uingereza pauni 11,432. Si tutoe hiyo yote kwenye kodi ya Kenya, tufunge faili?

---

HesabuNaChai

Subiri kwanza, hapo ndipo pesa za watu hupotelea.

Akishakuwa mkaazi wa Kenya kwa mkataba, Uingereza inabaki na haki ya kutoza mshahara wa siku alizofanya kazi akiwa ndani ya Uingereza tu. Siku alizofanya kazi akiwa Syokimau na laptopu mezani si zao. Kodi waliyokata juu ya siku za Nairobi ni kodi wasiyostahili, na Kenya haitoi nafuu (punguzo la kodi yake kwa iliyolipwa nje) kwa kodi ambayo nchi nyingine haikustahili kutoza. KRA watamwambia, hiyo kaidai London. Na watakuwa sahihi.

Tuifanye. Tuchukulie mwaka ulikuwa na siku 220 za kazi: 126 akiwa Uingereza, 94 akiwa Nairobi. Sh9.9 milioni gawa kwa 220 ni Sh45,000 kwa siku. Za Uingereza ni Sh5.67 milioni, za Nairobi Sh4.23 milioni. Nimefanya kana kwamba miaka ya nchi mbili inalingana na pauni ni Sh165. Kwenye faili halisi utakata kwa miezi.

Kodi ya Kenya kwa mshahara wote:

Sh288,000 za kwanza kwa asilimia 10: 28,800
Sh100,000 zinazofuata kwa 25: 25,000
Hadi Sh6 milioni kwa 30: 1,683,600
Hadi Sh9.6 milioni kwa 32.5: 1,170,000
Sh300,000 zilizobaki kwa 35: 105,000

Jumla Sh3,012,400. Toa nafuu ya mtu binafsi Sh28,800, inabaki Sh2,983,600. Makato ya pensheni na mengineyo nimeyaacha.

Kodi halali ya Uingereza: 60,000 × 126 ÷ 220 ni pauni 34,364. Toa kiasi kisichotozwa cha pauni 12,570, ikiwa bado anakistahili, baki itozwe asilimia 20. Unapata pauni 4,359, yaani kama Sh719,000.

Angalia vizuri. Wengi wangechukua 11,432 × 126 ÷ 220 wakapata pauni 6,547. Si sahihi, kwa sababu viwango vyao vinapanda kama ngazi. Mshahara ukishushwa hadi 34,364, ile ngazi ya asilimia 40 haiguswi kabisa. Kodi inapigwa upya, haigawanywi kwa uwiano.

Kwa hivyo nafuu ya kudai Kenya ni Sh719,000, si Sh1,886,000. Ukomo nao upo: nafuu haizidi kodi ya Kenya juu ya mapato hayohayo kwa kiwango cha wastani, ambayo hapa ni kama Sh1.71 milioni, kwa hivyo yuko chini ya ukomo. Kenya anabaki na deni la karibu Sh2,264,000. Uingereza inamdai yeye, samahani, yeye ndiye anaidai Uingereza pauni 7,073, kama Sh1,167,000.

Kama angetoa yote kwenye ritani, siku ya ukaguzi hiyo Sh1,167,000 ingerudi na adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Na dai la London lina mwisho wake: miaka minne baada ya mwaka wao wa kodi kuisha. Ukichelewa hapo umeilipa mara mbili, na hakuna wa kumlilia.

Jambo dogo: kwenye karatasi ya mshahara ya Uingereza kuna makato ya bima ya taifa. Hayo si kodi ya mapato. Tumia namba ya kodi peke yake kutoka P60, karatasi ya mwisho wa mwaka ya mwajiri wa Uingereza inayoonyesha mshahara na kodi.

---

Vifungu_na_Vijisehemu

Safi kabisa. Niongeze upande wa taratibu, maana kalenda haisubiri.

Pingamizi linaingizwa iTax ndani ya siku 30 tangu makadirio yamfikie. Usiandike "sikubali". Taja kipengele kwa kipengele: ukaazi umekubaliwa, kinachopingwa ni kunyimwa nafuu ya kodi ya Uingereza ya Sh719,000 chini ya mkataba. Sema makadirio yarekebishwe yawe kiasi gani, na ambatisha karatasi zote siku hiyohiyo. Pingamizi lisilo na karatasi huonekana si halali, na sehemu ya kodi isiyobishaniwa lazima iwe imelipwa au ombi la kulipa kwa awamu limeshaingizwa. Hapo ndipo Sh2.26 milioni inauma, kwa sababu pesa za London hazijarudi bado. Omba awamu mapema.

KRA wana siku 60 kutoa uamuzi. Usiporidhika, notisi ya rufaa iende Jopo la Rufaa za Kodi ndani ya siku 30, kisha siku 14 za kuwasilisha hoja na maelezo ya kesi. Ada ni Sh20,000 na hairudi. Kumbuka mzigo wa kuthibitisha uko kwa mlipa kodi. KRA hawana kazi ya kuthibitisha kwamba wewe ni mkaazi, wewe ndiye wa kuonyesha kwamba makadirio si sahihi. Na uamuzi wa Jopo haumfungi mtu yeyote London. Kama HMRC nao wanamshikilia kuwa mkaazi wao, njia ni kuomba mamlaka mbili zizungumze chini ya kifungu cha makubaliano cha mkataba. Hiyo inakwenda sambamba na pingamizi, haibadilishi zile siku 30.

---

WakiliUpperHill

Karatasi sasa. Anza na jedwali la safari: tarehe, saa ya kutua, saa ya kuruka, namba ya ndege, mji. Kila mstari uwe na ushahidi: muhuri wa pasipoti, tiketi, kadi ya kupandia ndege. Uingereza haigongi muhuri mtu anapotoka, kwa hivyo ukitegemea pasipoti peke yake utakuwa na mashimo. Muhuri wa JKIA siku inayofuata ndio unaoziba. Kama pasipoti imejaa na ya zamani imepotea, rekodi za kuingia na kutoka ziombwe Idara ya Uhamiaji pale Nyayo House.

Weka safu ya ziada: "alifanya kazi wapi". Hiyo ndiyo inayozaa zile 126 na 94. Iungwe mkono na barua ya mwajiri, kalenda ya mikutano, rekodi za mlango wa ofisi London. Siku ya kusafiri aliyofungua barua pepe mbili uwanjani ni ya nchi gani? Chagua kanuni moja, iandike juu ya jedwali, na uifuate mwaka mzima. Jedwali linalobadilisha kanuni kulingana na faida huonekana mara moja.

Kwa makao na familia: risiti za karo, mkataba wa fleti ya London, bili za maji, rekodi za tokeni za stima, taarifa ya M-Pesa. Onyo: karatasi hizi hukata kote kote. Taarifa ya M-Pesa unayotoa kuonyesha malipo ya karo ndiyo itakayoonyesha pia ununuzi wa dukani Syokimau wiki ambazo jedwali linasema alikuwa London. Isome yote kabla ya kuiambatisha. Mke akitumia laini ya mume, eleza hivyo mwanzoni, si baada ya kuulizwa.

Kwa HMRC, dai la kurudishiwa linahitaji ritani yao yenye kurasa za ukaazi za SA109, fomu iliyo kwenye mwongozo wa HS302 wa wakaazi wa nchi mbili, na cheti cha ukaazi kutoka KRA. Hapa kuna kosa linalorudisha mafaili mengi: mwaka wa Kenya ni Januari hadi Desemba, wa kwao ni 6 Aprili hadi 5 Aprili. Mwaka wao wa 2024/25 unagusa miaka miwili ya kwetu, kwa hivyo omba vyeti viwili, cha 2024 na cha 2025. Na ile ritani ya sufuri ya 2024 irekebishwe kwanza. Huwezi kuomba cheti cha kusema wewe ni mlipa kodi mkaazi huku ritani yako inasema hukupata kitu.

---

Kahawa_Chungu

Nimesoma yote, nina swali la pembeni. Hii ngazi ya vipimo inamsaidia mtu aliye Marekani? Na aliye Dubai?

---

WakiliUpperHill

Marekani haisaidii: Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani unaotumika, kwa hivyo hakuna kipimo cha kuvunja sare. Kila nchi inatumia sheria yake, na Marekani hutoza hata raia wake na wenye grini kadi walio nje. Kinachobaki ni nafuu iliyo ndani ya sheria yetu, inayomruhusu raia wa Kenya kutoa kodi aliyolipa nje kwenye mshahara wa kazi ya nje.

Dubai mkataba upo. Falme za Kiarabu, tangu Machi 2023, zinaweza kumhesabu mtu mkaazi kwa siku 90 tu akiwa na kibali cha ukaazi na makao au kazi huko. Lakini mke akibaki Kitengela, utarudi palepale kwenye kipimo cha pili. Na kwa kuwa huko mshahara hautozwi kodi, hakuna cha kutoa. Deni lote linakaa Nairobi.

---

HesabuNaChai

Karani, jambo la mwisho kwa mwaka huu unaoendelea, ili tusikutane hapa tena. Mwajiri hana ofisi Kenya na hakati PAYE ya hapa, kwa hivyo mteja analipa kodi kwa awamu mwenyewe: 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba, robo kila mara. Ritani ni kufikia 30 Juni. Na amwombe mwajiri azungumze na HMRC ili PAYE ikatwe kwa sehemu ya kazi za Uingereza tu, badala ya kukatwa yote na kufukuzana na marejesho.

---

KaraniWaLeja

Nimeshampigia. Amelia kidogo kuhusu awamu, lakini pasipoti zote mbili anazileta kesho saa tatu. Nyumba ya Ruaka tunaiacha kwenye asilimia 7.5 kama ilivyo.